Simunul: Manispaa Ndogo ya Bahari ya Sulu na Msikiti wa Nguzo Nne



Baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), tunawaalika wasomaji wetu, wazee kwa vijana, tusafiri pamoja kwa kalamu hadi ukingo wa mashariki wa Umma wetu. Safari ya leo haielekei Makka, wala Kairo, wala Istanbul, miji ambayo sifa zake zimekwisha kujaa masikioni mwetu. Tunakwenda Simunul, manispaa ndogo ya visiwani katika mkoa wa Tawi-Tawi, kusini kabisa mwa Ufilipino.

Ndugu zetu waliokwenda Ghuba kutafuta riziki wanawajua Wafilipino vyema. Wamefanya kazi nao mahospitalini, madukani na majumbani mwa watu, na aghalabu wamewajua kuwa ni Wakristo. Ni kweli kwamba wengi wao ni Wakristo. Lakini katika nchi hiyo kuna Waislamu ambao Uislamu wao ni wa zamani kuliko kanisa la kwanza lililojengwa huko, na mojawapo ya mahali panapotajwa kuwa chimbuko lake ni hapo Simunul. Kwa sababu hiyo tumeona inafaa familia zetu zipajue.

Ufilipino ni nchi ya visiwa zaidi ya 7,600. Kaskazini kipo kisiwa kikubwa cha Luzon chenye mji mkuu wa Manila, katikati vipo visiwa vya Visayas, na kusini ipo Mindanao. Kutoka Zamboanga, kwenye ncha ya kusini magharibi ya Mindanao, visiwa vidogo vimejipanga mstari kama shanga zilizokatika uzi: Basilan, kisha Jolo na wenziwe, kisha Tawi-Tawi, hadi kukaribia pwani ya Sabah iliyo chini ya Malaysia. Upande mmoja wa mstari huo ni Bahari ya Sulu, upande wa pili ni Bahari ya Celebes. Simunul iko karibu na mwisho wa mstari, kusini mwa Bongao, mji ulio makao ya mkoa. Atokaye Manila hupanda ndege mpaka Zamboanga na Bongao, au hufika Bongao kwa meli, kisha huteremka bandarini na kutafuta chombo cha kumvusha hadi kisiwani.

Kwa mtu wa Mombasa hali ya hewa ya huko haingekuwa ngeni. Mombasa iko nyuzi 4 kusini mwa ikweta, Simunul iko kama nyuzi 5 kaskazini yake. Mchana na usiku hulingana mwaka mzima kama kwetu, minazi ni ile ile, mikoko ni ile ile, na harufu ya bahari bila shaka ni moja. Saa zao ziko mbele ya zetu kwa tano: sisi tunapotoka msikitini alfajiri, wao wameshafika saa nne za asubuhi, na tunapoadhini adhuhuri wao wanakaribia magharibi. Kibla ndicho kinachotofautiana. Sisi wa Mombasa huelekea kaskazini, kwani Makka iko juu yetu takriban moja kwa moja. Watu wa Simunul huelekea magharibi, kwa kupinda kidogo kaskazini. Hivyo kila siku, mara tano, wao huielekea bahari ile ile waliyoivuka walimu waliowaletea dini.

Sasa tuzungumze juu ya hesabu ya watu, kwani hesabu nayo ina mafunzo yake. Sensa ya mwaka 2020 iliwahesabu Wafilipino wote kuwa 109,035,343. Mkoa wa Tawi-Tawi ulikuwa na watu 440,276, yaani kama mara tatu ya kaunti yetu ya Lamu, ambayo katika sensa ya mwaka 2019 ilikuwa na watu 143,920. Manispaa ya Simunul yenyewe ina watu zaidi ya 30,000, wamegawanyika katika barangay 15. Barangay ndiyo ngazi ya chini kabisa ya utawala huko, mfano wa kijiji au mtaa wenye mzee wake. Asili ya neno hilo ni balangay, ambalo ni jina la chombo cha baharini. Wazee wa kale walisafiri ukoo mzima katika jahazi moja, na waliposhuka pwani jina la chombo likawa jina la kijiji. Mojawapo ya barangay za Simunul, ambamo msikiti tutakaoutaja umo, inaitwa Tubig Indangan. Tubig kwa Kitausug ni maji.

Takriban watu wote wa Simunul ni Waislamu. Lakini katika Ufilipino nzima sensa hiyo hiyo iliwahesabu Waislamu kuwa asilimia 6.4, yaani karibu milioni 7. Mtoto wa Simunul hukua akiona kila jirani yake anafunga Ramadhani. Siku akipanda meli kwenda kusoma au kutafuta kazi Manila, hujikuta mmoja miongoni mwa wachache sana. Hapo huulizwa maswali ambayo hata sisi wa pwani tunayafahamu: Ninyi ni wenyeji wa hapa kweli? Mlitoka wapi? Mlianza lini? Kwa watu wachache, historia ni hatimiliki. Anayeweza kuonyesha kwamba babu yake alikuwapo kabla ya serikali haulizwi tena anafanya nini hapo. Tuliweke neno hili akilini, kwani tutalirudia tutakapofika kwenye habari za msikiti.

Watu wa Simunul wengi wao ni Wasama, na lugha yao ni Kisama, nao wenyewe huiita Sinama. Jirani zao wenye nguvu tangu zama za usultani ni Watausug, ambao jina lao lina maana ya watu wa mkondo wa bahari. Wako pia Wasama Dilaut, yaani Wasama wa baharini, ambao wengine huwaita Wabajau. Hawa kwa vizazi vingi walizaliwa, wakaoa na kufa ndani ya mashua za nyumba ziitwazo lepa, na nchi kavu waliijia kwa maji ya kunywa, kwa biashara na kwa maziko. Leo wengi wao wamehamia kwenye nyumba za nguzo zilizosimamishwa juu ya maji ya kina kifupi, na nyumba moja huunganishwa na nyingine kwa daraja la mbao.

Wataalamu wa lugha wametueleza jambo la ajabu kidogo kuhusu Wasama. Lugha yao wanaihesabu pamoja na lugha za bonde la mto Barito katika kisiwa cha Borneo, na kutoka huko huko ndiko ilikotoka lugha ya Bukini, yaani Madagaska. Basi wale wenzetu wa Bukini tuliofanya nao biashara tangu kale ni jamaa wa mbali wa watu wa Simunul. Hata ngalawa zetu zenye matengo pande mbili, wataalamu wengi wanaona kuwa ufundi wake ulikuja na mabaharia wa upande huo. Vyombo vya Simunul navyo vina matengo vivyo hivyo. Mvuvi wa Vanga akisimama ufukweni huko angeitambua mashua kabla hajamwelewa mwenyewe.

Riziki ya watu wa Tawi-Tawi hutoka baharini na minazini. Huvua, hukausha mbata, na zaidi ya yote hupanda mwani. Kilimo cha mwani wa biashara kilianza katika visiwa vya Sulu mwanzoni mwa miaka ya 1970, na Tawi-Tawi imekuwa mstari wa mbele katika zao hilo nchini mwao. Hapa pana kiungo cha kweli kati yao na sisi: mbegu za mwani zilizoanzisha kilimo hicho Unguja mwaka 1989 zililetwa kutoka Ufilipino, na baadaye kilimo hicho kikafika kwa akina mama wa pwani ya Kwale. Kazi ni ile ile ya kufunga vipande vya mwani kwenye kamba, kungoja wiki kadhaa, kuvuna maji yakitoka na kuanika. Taabu nazo ni zile zile. Maji yakipata joto kupita kiasi mwani hugeuka mweupe na kukatika, na bei hupangwa na watu wa mbali ambao hawajawahi kuloa goti. Mama wa Kibuyuni na mama wa Simunul hawajaonana, lakini wana malalamiko mamoja.

Chakula chao kikuu cha jadi ni muhogo. Huukuna, wakaukamua maji, wakaupika kwa mvuke ukawa kama mkate laini, wakauita putu, wakaula kwa samaki. Watausug wana mchuzi wa nyama ambao wageni huushangaa kwa weusi wake, kwani nazi huchomwa kwanza mpaka ikawa makaa, ikasagwa na viungo, ndipo ikatiwa chunguni. Sisi tunaodhani kwamba tumeijua nazi kwa kila namna, tui zito na tui jepesi, twaona kuwa bado kuna mlango mmoja hatujaufungua. Wanawake wao husuka mikeka kwa majani yaliyotiwa rangi, na mmoja wao, Haja Amina Appi wa Tandubas katika mkoa huo huo wa Tawi-Tawi, alitambuliwa na serikali mwaka 2004 kuwa hazina hai ya taifa kwa ufundi wake wa kusuka mikeka. Ni jambo la kupigiwa mfano kwa taifa kumheshimu bibi wa Kiislamu wa kisiwani kwa mkeka aliousuka kwa mikono yake.

Sasa tufike kwenye habari iliyotufanya tuishike kalamu. Mapokeo ya Simunul yanasema kwamba mwaka 1380 alifika hapo mlinganiaji aitwaye Sheikh Karimul Makhdum, akafundisha dini, na akajenga msikiti Tubig Indangan, ambao wenyeji wanauita msikiti wa kwanza wa Ufilipino. Makhdum si jina la ukoo, ni cheo. Kwa Kiarabu ni mwenye kuhudumiwa, na sisi tunao ndugu wa neno hilo katika lugha yetu, kwani mhudumu na huduma zimetoka kwenye mzizi huo huo. Cheo hicho walipewa masheikh na walimu katika Bara Hindi na katika nchi za Wamalei.

Msikiti uliopo leo ni jengo la kisasa, kwani umejengwa upya zaidi ya mara moja. Lakini ndani yake zimehifadhiwa nguzo nne za mbao za mti uitwao ipil, mti mgumu unaoheshimiwa huko kama bambakofi inavyoheshimiwa kwetu, na hizo ndizo zinazosemwa kuwa masalio ya msikiti wa mwanzo. Mtu huingia akaona saruji na rangi mpya, kisha katikati ya hayo yote akaziona nguzo kuukuu zimesimama. Bunge la Ufilipino lilipitisha sheria mwaka 2013 kuutangaza msikiti huo kuwa mahali patukufu pa historia ya taifa. Tarehe 7 Novemba ya kila mwaka ni siku ya kumkumbuka Sheikh huyo katika eneo la Waislamu wa kusini.

Hapa ndipo mwanafunzi wa elimu anapopaswa kutulia. Sisi tuliolelewa kwenye madrasa tulifundishwa kwamba habari haichukuliwi mpaka iulizwe: imepokewa na nani, kutoka kwa nani? Elimu ya Hadithi yote imesimama juu ya swali hilo. Basi na habari ya Makhdum tuiulize vivyo hivyo, kwa adabu.

Chanzo kikubwa ni hati za nasaba ambazo Watausug huziita tarsila. Neno hilo ni silsila yetu ile ile. Zilihifadhiwa katika nyumba za wakubwa, zimeandikwa kwa herufi za Kiarabu, na mwanzoni mwa karne ya 20 zilikusanywa na kufasiriwa na Najeeb Saleeby, daktari mzaliwa wa Lebanon aliyetumika katika utawala wa Marekani huko. Silsila ya Sulu inasimulia kwamba Makhdum alivuka bahari ndani ya chungu cha chuma, watu wakamkusanyikia kutoka kila upande, naye akajenga nyumba ya ibada. Lakini inasema alikaa Buansa, na Buansa iko katika kisiwa cha Jolo, si Simunul. Isitoshe, silsila huhesabu vizazi na wala hazihesabu miaka. Mwaka 1380 umepatikana kwa watu wa baadaye kurudi nyuma, mtawala baada ya mtawala, na kukadiria.

Kaburi lake nalo halina mahali pamoja. Simunul wanasema liko kwao, kisiwa cha Sibutu wanasema liko kwao, na Lugus nao wanalo lao. Huenda walikuwa walimu kadhaa waliopewa cheo kimoja cha Makhdum, kila mmoja akafia alipofundishia, na vizazi vilivyofuata vikawaunganisha kuwa mtu mmoja. Huenda pia alikuwa mmoja aliyezunguka kisiwa hadi kisiwa, kama wafanyavyo walinganiaji, akajenga Buansa na akajenga Simunul. Wallahu aalam.

Je, hayo yanaiondoa heshima ya Simunul? Sisi tunaona hapana. Kwenye mlima wa Bud Datu karibu na mji wa Jolo lipo kaburi la mtu aitwaye Tuhan Maqbalu, nalo lina maandishi ya mwaka 710 Hijria, sawa na 1310 Miladia. Jiwe hilo halikukadiriwa na mtu, linasema lenyewe. Kwa hiyo kwamba Waislamu walikuwapo katika bahari hiyo miaka sabini kabla ya tarehe inayotajwa ya Makhdum ni jambo lililo wazi, na mapokeo ya Simunul yanakaa vizuri ndani ya zama hizo. Mwenye jiwe la mwaka 1310 mkononi hana haja ya kuipigania tarehe ya 1380 kwa ukali. Mapokeo yabaki mapokeo, yaheshimiwe, yasimuliwe kwa watoto. Ushahidi nao ubaki ushahidi. Kuvichanganya viwili hivi ndiko kunakompa adui upenyo, kwani akiibomoa tarehe moja iliyokuwa dhaifu, atadai kwamba ameibomoa historia yote.

Yaliyofuata baada ya hapo yanajulikana kwa uhakika zaidi. Baada ya Makhdum alikuja Raja Baguinda kutoka Minangkabau katika Sumatra, kisha akaja Sayyid Abu Bakr, ambaye alimwoa Paramisuli binti ya Baguinda, na karibu na mwaka 1450 akawa sultani wa kwanza wa Sulu kwa jina la Sharif ul-Hashim. Madhehebu yao yakawa ya Imam Shafii, kama yetu, na masharifu walioheshimiwa huko na walioheshimiwa Lamu wengi wao hurudisha nasaba zao Hadhramaut. Bahari iliyoleta masharifu kwetu ndiyo hiyo hiyo iliyowafikisha kwao.

Hata kabla ya usultani, Sulu ilikuwa na jina duniani. Mwaka 1417 mfalme wa Sulu aitwaye Paduka Batara alikwenda China na ujumbe mkubwa kumzuru mfalme Yongle. Akiwa njiani kurudi akaugua, akafia Dezhou, na akazikwa huko kwa heshima ya kifalme. Baadhi ya wanawe walibaki kulitunza kaburi, na kizazi chao kiko China mpaka leo. Wasomaji wetu wa Malindi watakumbuka kwamba mwaka 1415, miaka miwili tu kabla yake, twiga kutoka Malindi alipelekwa kwa mfalme huyo huyo Yongle. Basi Malindi na Sulu zilikutana katika baraza moja, kila moja ikiwa na zawadi yake, miaka mia moja na zaidi kabla Mhispania hajatia nanga Ufilipino.

Huyo aliyetia nanga mwanzo kwa niaba ya Hispania alikuwa Mreno, Fernão de Magalhães, ambaye wengi wanamjua kwa jina la Magellan. Alifika mwaka 1521 na akauawa kisiwani Mactan tarehe 27 Aprili mwaka huo. Linalotuhusu sisi ni kwamba ujana wake wa ubaharia aliuanza mwaka 1505 katika msafara wa Francisco de Almeida, msafara uliopora Kilwa na kuichoma Mombasa mwezi wa Agosti mwaka huo. Watu wa pwani yetu waliujua moto huo miaka 16 kabla ya watu wa Visayas kuziona tanga zake.

Wahispania walipowakuta Waislamu wa kusini waliwapa jina walilowapa maadui zao wa Andalusia: Wamoro. Wakajenga ngome Zamboanga mwaka 1635, wakaiteka Jolo mwaka 1638, wakaondoka miaka michache baadaye, wakarudi, na vita vikaendelea kwa zaidi ya karne mbili. Sehemu kubwa ya kaskazini ilibatizwa lakini kusini haikuingia. Mwaka 1898 Hispania iliyoshindwa vitani iliiachia Marekani visiwa hivyo kwa dola milioni 20. Katika ramani ya mkataba huo walikisahau kisiwa cha Sibutu, jirani wa Simunul, pamoja na Cagayan de Sulu. Ikabidi mkataba mwingine uandikwe mwaka 1900, Marekani ikaongeza dola 100,000. Mkataba huo ulitiwa saini tarehe 7 Novemba, tarehe ile ile ambayo leo ni siku ya Makhdum. Watu walihesabiwa ndani ya bei bila ya kuulizwa, na jina la Wamoro ambalo lilikuwa tusi wakaligeuza likawa fahari. Leo nchi yao wanaiita Bangsamoro, yaani taifa la Wamoro.

Ufilipino ilipata uhuru mwaka 1946. Walowezi wengi Wakristo kutoka kaskazini walikwisha kuhamia Mindanao na wengine wakaendelea kuja, na Waislamu wakawa wachache katika nchi waliyoitawala wenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 vita vya kudai kujitenga vikaanza. Mwezi wa Februari 1974 mji wa Jolo uliteketea, na watu wengi wa visiwani wakakimbilia Sabah. Tawi-Tawi ilikuwa imetengwa na Sulu na kufanywa mkoa peke yake tarehe 11 Septemba 1973. Yalifuata mapatano ya Tripoli mwaka 1976, ya 1996 na ya 2014, na hatimaye kura za wananchi mwaka 2019 zikaunda Eneo la Bangsamoro lenye mamlaka yake ya ndani, na Simunul imo ndani yake. Katika mwendo huo mrefu yamepatikana mengine yasiyo madogo: kanuni ya sheria za Kiislamu za ndoa, talaka na mirathi ya mwaka 1977, ambayo iliweka msingi wa mahakama zake, mfano wa mahakama zetu za Kadhi, na Idi mbili zimekuwa sikukuu za taifa zima kwa sheria za mwaka 2002 na 2009.

Tunapoutazama moto wa Jolo tunakumbuka jambo moja. Nyumba ikiungua, sanduku la karatasi nalo huungua. Hati za nasaba, barua za kadhi, hati za wakfu, mashairi ya mabibi, vyote viliwekwa katika nyumba za watu, na nyumba za watu huungua, huvuja na hurithiwa na wasiojua thamani ya kilichomo. Kilichobaki cha silsila za Sulu kimetufikia zaidi kwa sababu daktari mgeni aliomba kunakili kabla ya moto. Wenyewe wangeweza kufanya hivyo mapema zaidi.

Na sisi je? Mwambao wetu una mashahidi wa mawe wanaowashinda wengi. Chini ya msikiti wa Ijumaa wa Shanga, kisiwani Pate, wachimbaji wa mambo ya kale walipata misingi ya misikiti ya udongo na miti iliyotangulia, ya zamani tangu karne ya nane. Msikiti wa Kizimkazi una maandishi ya mwaka 500 Hijria. Gede kuna kaburi lenye tarehe ya mwaka 802 Hijria, sawa na 1399, zama zile zile za Makhdum. Lakini mawe hayo machache yanazungukwa na mengi yaliyonyamaza. Kila mwaka msikiti wa zamani hubomolewa mahali fulani ili ujengwe mwingine wenye vigae, na jiwe lenye maandishi likatupwa pamoja na kifusi kwa sababu hakuna aliyesimama kulisoma. Simunul, kwa uchache wa watu wake, walijenga saruji mpya lakini nguzo nne wakaziacha zisimame ndani. Hilo la kutunza hata sisi twaliweza, na halihitaji fedha nyingi. Kabla fundi hajaanza kazi, kamati ya msikiti ipige picha kila ukuta, inakili kila maandishi, na kipande cha zamani kipatiwe mahali ndani ya jengo jipya.

Nyumbani nako kuna kazi. Aliye na karatasi za babu yake katika sanduku na azitoe siku moja mbele ya watoto, asome majina, azipige picha, na nakala aiweke kwa mtu mwingine anayemwamini. Na anayesimulia habari za ukoo wake aseme, hili nimelipokea kwa fulani, na hili limeandikwa hapa. Mtoto aliyefundishwa kutofautisha mambo hayo mawili hatayumba atakapoulizwa Nairobi, au Manila, au popote pale, kwamba wazee wake walianza lini.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awarehemu walimu waliovuka bahari kwa ajili ya dini hii, tunaowajua kwa majina na tusiowajua, awahifadhi ndugu zetu wa Simunul katika visiwa vyao, na atujaalie sisi na watoto wetu tuwe watunzaji waaminifu wa amana tulizoachiwa. Amin.

Wabillahi tawfiq.